Ganda la risasi na mafuta yake: juu ya nini shaba inakwama katika kalibu

Ganda la risasi ni kile kikopo cha shaba ya manjano kinachobakia chini nyuma ya bunduki kulia. Katika inchi fulani, wawindaji na watu wa mashindano ya kulenga shabaha wanaokota maganda yao, wanayarudisha katika kipimo chake, na kuyajaza tena. Mbele ya kusukuma ganda katika kalibu ya chuma, wanalipaka mafuta kidogo sana. Mutu akisahau hatua hiyo, ganda linakwama ndani ya kalibu na kazi yote inasimama.

Kwa watu wa Haut-Katanga na majimbo mengine ya mashariki, jambo hili si la mbali. Mukuba na zinki, zile metali mbili zinazotengeneza ganda, zinatoka chini ya udongo wa Katanga. Ufundi wa kupitisha shaba katika tundu la chuma ulijulikana huko mbele ya wazungu kufika. Tena, maganda na masasi mazima yanapatikana katika mashamba, katika barabara na katika magunia ya wauzaji wa mitraille. Kuna wanaosema kwamba ganda lolote linaweza kujazwa tena. Makala hii inaeleza namna ganda linafanya kazi, sababu gani linaomba mafuta, na kwa nini maneno ya watu hao yanaweza kumufanya mutu apoteze jicho ao mukono.

Vipande vine vya risasi

Risasi nzima iko na vipande vine. Cha kwanza ni kichwa, ndicho kinachoruka. Mara nyingi ni plomb iliyofunikwa na mukuba. Cha pili ni baruti. Cha tatu ni fataki, kikopo kidogo sana kilichofungwa chini kabisa, kinachowaka wakati pini ya bunduki inakigonga. Cha ine ni ganda, linaloshika vile vingine vyote pamoja.

Ganda la bunduki ya kuwinda ya kisasa linafanana na chupa. Chini kuna kitako, kiisha mwili, kiisha mabega, na juu kabisa shingo inayoshika kichwa. Sura hiyo ya chupa ndiyo inafanya kazi ya kulirudisha katika kipimo iwe ngumu, kama itakavyoonekana mbele.

Shaba ya manjano, ile wafundi wanaita kwa Kifaransa laiton, ni muchanganyiko. Kwa maganda ya masasi, kipimo kinachotumiwa sana ni sehemu 70 za mukuba na sehemu 30 za zinki. Mukuba peke yake ni laini mno. Chuma cha kawaida kinaweza kutumiwa, lakini hakitanuke na kurudi vizuri kama laiton. Laiton inavutika pasipo kupasuka, na nyuma ya kuvutika inarudi kidogo sawa vile mupira. Tabia hizo mbili pamoja ndizo zinafanya ganda likubali kutumiwa zaidi ya mara moja.

Metali za Katanga

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 kiwanda cha Lubumbashi kilimimina mukuba wake wa kwanza. Mwaka ule wa kwanza kilitoa karibu tani 1,000. Kufikia mwaka wa 1917, katikati ya vita ya kwanza ya dunia, Katanga ilikuwa inatoa karibu tani 27,000 kwa mwaka.

Ongezeko hilo lilikuwa na sababu. Vita ya Ulaya ilikula mukuba mingi sana: maganda ya masasi ya bunduki, maganda ya mizinga, pete za mukuba za mabomu, nyaya za simu. Mukuba wa Katanga ulishuka kwa reli mpaka bandari ya Beira, huko Msumbiji, na kutoka hapo ukapanda meli. Wafanyakazi waliouchimba na kuuyeyusha hawakuona mahali ulifika, lakini sehemu yake iliishia katika masasi ya majeshi ya washirika.

Zinki nayo iko karibu. Mugodi wa Kipushi, kama kilometa 30 kutoka Lubumbashi, kwenye mupaka wa Zambia, ulifunguliwa katika miaka ya 1920 na unajulikana kwa mukuba na zinki. Ulifungwa mwaka wa 1993. Mwezi wa Juni 2024 ulianza tena kutoa zinki, chini ya ushirikiano wa Gécamines na kampuni ya Ivanhoe Mines. Matumizi makubwa ya zinki duniani ni kufunika chuma kisipate kutu, kama mabati ya nyumba. Lakini laiton nayo inaihitaji, na ganda la risasi haliwezi kuwa laiton pasipo zinki.

Bunduki inapolia, ganda linapata nini?

Fataki ikiwaka, baruti inaungua na kugeuka gazi. Yote yanatokea katika muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika bunduki nyingi za kuwinda wanyama wakubwa, nguvu ya gazi ndani ya chumba cha bunduki inaweza kupita bar 4,000. Tairi ya gari ndogo inashika kama bar 2. Ni kusema, ganda linabeba nguvu mara elfu mbili kupita tairi.

Kwa wakati huo mudogo, kuta za ganda zinatanuka na kujibandika kwenye kuta za chumba. Ndiyo kazi yake kubwa: kuziba njia, gazi lisirudi nyuma katika uso wa mutu anayeshika bunduki. Nguvu ikishuka, ganda linajikunja kidogo na kuachia, hivyo linaweza kutoka. Lakini halirudi kabisa katika kipimo chake cha kwanza. Linabakia nene kidogo, na shingo inakuwa pana kiasi kwamba kichwa kipya hakiwezi kushikwa.

Kwa hiyo, mutu anayetaka kulitumia tena anapaswa kulipunguza. Kazi hiyo inafanywa na kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu la sura ya ganda. Mashine ya mukono yenye mupini murefu inasukuma ganda ndani, kuta za kalibu zinalibana, kiisha mashine inalivuta chini. Katikati ya kalibu kuna ufito wenye kichwa cha mviringo. Unapita ndani ya shingo na kuifungua kwa kipimo kinachofaa.

Sababu ya mafuta

Laiton na chuma, zikibanwa pamoja kwa nguvu zikiwa kavu, zinashikana. Vipande vidogo sana vya shaba vinang'oka na kubandika kwenye chuma. Kipande kimoja kinakwaruza ganda linalofuata, na kinakusanya vingine. Musuguano unaongezeka mpaka ganda linasimama. Mufundi akivuta kwa nguvu, ukingo wa kitako unakatika, na ganda linabakia ndani ya kalibu kama kizibo. Kulitoa kunaomba kulitoboa kitako kwa mashine, kukata nyuzi za skrubu ndani, na kulivuta kwa bolti. Kila mara kalibu inaweza kuharibika.

Mafuta yanaweka utando mwembamba katikati ya metali hizo mbili. Si mafuta yote yanaweza. Mafuta ya injini yametengenezwa kwa vyuma vinavyozunguka kwa haraka, ambamo mafuta yanasukumwa kila wakati. Katika kalibu mwendo ni wa polepole na mubano ni mukubwa sana, hivyo mafuta mepesi yanakimbia pembeni na kuacha metali kavu. Ndiyo maana wafundi wa kazi hiyo wanatumia vitu vinavyong'ang'ania: lanolini, yaani mafuta yanayotoka katika manyoya ya kondoo, mara nyingi ikichanganywa na alkoli, nta laini, ao mafuta mazito kama ya mbono. Alkoli inasaidia kutawanya lanolini, kiisha inakauka na kuacha utando peke yake.

Kipimo ndicho kinasumbua wanaoanza. Mafuta yakiwa kidogo, ganda linakwama. Yakiwa mingi, yanakusanyika kwenye mabega, na kwa sababu mafuta hayabanike, yanasukuma shaba ndani na kuacha bonde. Makunyo madogo hayaharibu sana, lakini makubwa yanaonyesha kwamba kazi haikufanywa vizuri. Ndani ya shingo, pahali pa mafuta wengi wanatumia unga mukavu wa grafiti, juu mafuta yakibakia ndani yanaweza kuharibu baruti na fataki.

Maganda ya bastola ni kitu kingine. Mengi yako sawa kuanzia juu mpaka chini, pasipo shingo ya chupa. Kalibu zake mara nyingi ziko na pete ya kabaidi ya tangsteni, ngumu na laini kama kioo, ambayo laiton haiwezi kubandika. Kwa hayo, mafuta si ya lazima.

Nyuma ya kazi, mafuta yote yanapanguswa. Hatua hiyo ni ya usalama. Ganda kavu linajibandika kwenye kuta za chumba wakati wa kulipuka na kubeba sehemu ya nguvu. Ganda lenye mafuta linateleza nyuma, na nguvu inaangukia kufuli la bunduki.

Funzo moja la historia

Kuna bunduki zilizotengenezwa kwa kusudi zipake masasi mafuta. Bunduki ya rashasha ya Italia iliyoitwa Breda Modello 30 ilikuwa na kikopo cha mafuta juu yake na ilipaka kila risasi mbele ya kuilipua, kusudi ganda litoke kwa urahisi. Katika baridi ya Ulaya wazo hilo lilionekana zuri. Katika Afrika, mafuta yalikamata vumbi na muchanga, na bunduki ikajulikana kwa kukwama.

Jeshi la Italia liliitumia katika vita ya pili ya dunia. Ndilo jeshi ambalo waaskari wa Force Publique kutoka Kongo walipigana nalo katika Ethiopia, huko Asosa, Gambela na Saio. Tarehe 3 Julai 1941 jenerali Gazzera alijitoa kwa jenerali Gilliaert kule Saio. Ushindi huo ulikuwa na sababu nyingi: njaa, magonjwa, njia za chakula zilizokatwa, na uvumilivu wa waaskari Wakongo. Lakini hadithi ya Breda inaonyesha jambo lilelile wafundi wa maganda wanasema: mafuta yanafaa katika kalibu, lakini ndani ya chumba cha bunduki hayana kazi.

Ufundi wa zamani wa Bunkeya

Kanuni ya kupitisha shaba katika tundu la chuma haikuletwa na kiwanda. Katika karne ya 19, Bayeke waliotoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, na kujenga ufalme wa Msiri huko Bunkeya, walikuwa wanavuta nyaya za mukuba. Mukuba ulioyeyushwa na kumiminwa kuwa ufito ulipondwa kwa nyundo, ncha yake ikafanywa nyembamba, ikapitishwa katika tundu la chuma na kushikwa na koleo. Wanaume wakavuta. Kiisha ukapitishwa katika tundu dogo zaidi, na tena dogo zaidi, mpaka ukawa uzi wa kutengeneza bangili. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini ufundi huo haukufa siku ileile. Jean-Félix de Hemptinne, mumisionere aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, alichapisha mwaka wa 1926 maandishi juu ya wayeyushaji wa zamani wa Katanga, akiwaita "walaji wa mukuba".

Wale wavutaji wa nyaya na mutu anayepunguza ganda leo wanakutana na sheria moja ya metali. Shaba ikipondwa ao kubanwa, inakuwa ngumu. Ikiwa ngumu mno, inapasuka. Dawa yake ni moto: ikipashwa kwa kipimo, inarudi kuwa laini. Mukuba unaovutwa unaomba kupashwa moto katikati ya hatua. Shingo ya ganda vilevile. Nyuma ya kujazwa mara kadhaa inapasuka kama haikupashwa. Lakini kitako cha ganda hakipaswi kamwe kuguswa na moto huo. Kitako kinabakia kigumu kwa kusudi, juu ndicho kinashika nguvu yote. Ganda lililopita katika moto wa takataka ao nyumba iliyoungua limepoteza ugumu wa kitako, na hakuna mafuta ao kalibu inayoweza kuurudisha.

Maganda yasiyofaa hata kidogo

Maganda mengi yanayookotwa katika mashariki ya Kongo ni ya bunduki za namna ya Kalashnikov. Watu wanaona rangi ya shaba ao rangi ya kijani na kufikiri ni laiton. Mengi ni chuma kilichopakwa vernisi ao kufunikwa na utando mwembamba wa mukuba. Sumaku inatoa jibu kwa sekunde moja: ikishika ganda, hilo ni chuma. Haliwezi kubanwa na kurudi kama laiton, na muuzaji wa mitraille hapaswi kulipa bei ya mukuba kwa kitu hicho.

Jambo la pili ni fataki. Kuna namna mbili. Moja inaitwa kwa jina la Hiram Berdan, Mumarekani. Nyingine kwa jina la Edward Boxer, Muingereza. Kwa maajabu, Ulaya na majeshi mengi walichukua namna ya Berdan, na Marekani wakachukua ya Boxer. Ganda la Boxer liko na tundu moja katikati ya kitako, na fataki ya zamani inasukumwa nje kwa pini nyepesi. Ganda la Berdan liko na matundu mawili madogo pembeni, na pini hiyo haina pa kupita. Masasi mengi ya majeshi ni ya Berdan. Hivyo, hata mutu mwenye mashine na mafuta bora katika inchi ambayo kazi hii inaruhusiwa, angeyatupa.

Jambo la tatu ni hewa. Amonia inakula laiton iliyobanwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, jeshi la Uingereza kule India liliona masasi yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe wakati wa mvua. Sababu ilikuwa amonia inayotoka katika mikojo ya wanyama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1921 ulieleza vizuri namna inavyotokea. Ganda lililolala katika zizi, katika choo ao katika udongo wenye mbolea linaweza kuonekana zima kumbe liko na nyufa zisizoonekana kwa macho.

Jambo la ine ni kuvutika. Kila mara ganda linapolipuka na kupunguzwa, shaba inatiririka kutoka chini kwenda juu. Karibu na kitako ukuta unakuwa mwembamba, na alama ya pete inayong'aa inaonekana nje. Ganda hilo liko karibu kukatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Hatari ya "wafundi" wa kichochoro

Mutu anayejaza masasi pasipo vipimo hajui baruti aliyoshika inaungua kwa haraka gani. Baruti ya bastola, ya bunduki ya kuwinda na ile iliyotolewa katika kitu kingine zinaweza kufanana kwa macho, lakini zinatofautiana sana kwa nguvu. Kosa dogo la kipimo linaweza kupasua mututu. Anayeumia ni yule anayeweka shavu lake juu ya bunduki, na mara nyingi ni mwindaji maskini aliyenunua kwa bei ndogo.

Bunduki za kienyeji, zile watu wanaita pupu, zinaongeza hatari, juu mututu wake mara nyingi ni bomba lililotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, kama vile ya maji. Bomba hilo halikupimwa kwa nguvu ya risasi.

Hatari nyingine inagusa watu ambao hawana bunduki hata moja: wauzaji wa mitraille na wafundi wanaoyeyusha metali ili kutengeneza sufuria na vipande vya mashine. Risasi nzima iliyojificha katika gunia la shaba italipuka katika moto. Pasipo mutu wa kushika bunduki, kichwa hakiruke mbali kama kawaida, lakini vipande vya laiton vinaruka na vinaweza kutoboa jicho. Tena, fataki isiyolipuka inaweza kubakia katika ganda linaloonekana kuwa tupu.

Moshi nao ni tatizo. Zinki inachemka kwa digri 907, chini ya digri 1,085 ambazo mukuba unayeyuka. Ndiyo maana laiton inayoyeyushwa inatoa moshi mweupe muzito. Anayeuvuta anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache nyuma ya kazi. Wengi wanafikiri ni malaria. Pia, fataki za masasi mengi ziko na plomb, na unga wake unabakia ndani ya maganda. Mutoto anayechezea maganda na kiisha kula pasipo kunawa anaingiza plomb mwilini.

Sheria inasema nini?

Katika Kongo, silaha na masasi vinaongozwa na amri-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kutengeneza, kuingiza, kuuza na kushika masasi kunaomba ruhusa ya serikali. Uwindaji uko na sheria yake, nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Hakuna mutu anayeweza kusema kwamba kujaza maganda nyumbani ni kazi ya mukono kama kushona viatu.

Kongo iko pia ndani ya mapatano ya eneo. Protokole ya Nairobi ya mwaka wa 2004 inahusu silaha ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Mapatano ya Kinshasa, yaliyokubaliwa mwaka wa 2010 na kuanza kufanya kazi mwaka wa 2017, yanahusu inchi za Afrika ya Kati, na yanataja silaha, masasi, na vipande vinavyoweza kutumiwa kuvitengeneza ao kuvirekebisha. Ndani ya inchi, komisio ya taifa ya kusimamia silaha ndogo, CNC-ALPC, ndiyo inafuata kazi hiyo.

Inchi nyingine zimechagua njia tofauti. Afrika ya Kusini, kwa sheria yake ya silaha ya mwaka wa 2000, inamuruhusu mwenye leseni kujaza masasi ya silaha yake mwenyewe. Lakini huko mwenye leseni anaandikwa, silaha yake inajulikana, na baruti inauzwa ikiwa na vipimo vilivyochapishwa. Kuchukua zoezi hilo na kulileta mahali ambapo hakuna hata kimoja cha vitu hivyo ni kuacha usalama nyuma na kubeba hatari peke yake.

Ya kukumbuka

Ukikuta risasi nzima ao kitu chochote cha kijeshi katika shamba, usikiguse, usikipige teke, usikitupe katika moto wala katika choo. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, na julisha shefu wa mutaa, polisi ao watu wa kazi ya kuondoa mabomu.

Ukinunua mitraille, mimina gunia lote chini na uchague kwa macho mbele ya kulipa. Ganda lenye kichwa, ao lenye fataki isiyo na alama ya kugongwa, lisiingie katika mizigo wala katika moto.

Ukiyeyusha laiton, fanya kazi nje, upepo ukikupiga mugongoni. Ukipata homa jioni ya siku hiyo, mwambie muganga ni kazi gani ulifanya.

Watoto wasivae maganda shingoni wala kuyatumia kama filimbi. Wakiyashika, wanawe mikono kwa sabuni mbele ya kula.

Na mutu akikuambia anaweza kujaza maganda uliyookota, muulize maswali matatu: ni laiton ao chuma, ni Berdan ao Boxer, na baruti yake imetoka wapi? Asipoweza kujibu, hajui kazi hiyo. Hata akijibu yote matatu, linabakia swali la ine: ruhusa ya serikali iko wapi?